Banda Langu Limekuwa Zuri Kupita Kiasi

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi wa Majengo,
Ofisi ya Vibali,
Ghorofa ya pili, mlango wa karibu na ngazi.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUFUTA KIBALI CHA BANDA LA UANI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na karani wako wa koti la kijani, ambaye siku nilipoleta maombi yangu alinitazama kwa huruma nikaamini kabisa kwamba sitajibiwa. Hapa kwangu wote ni wazima isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu umetoka ofisini kwako.

Mimi ni fundi redio, duka langu liko nyuma ya kituo cha mafuta. Nyumbani nina mke, mabinti wawili na paka, na uani nilikuwa na banda. Lilikuwa la bati, sakafu ya udongo, na ndani mlikuwa na redio mbovu zinazosubiri vipuri, baiskeli isiyo na usukani, na kiti cha miguu mitatu ambacho mimi peke yangu nilijua namna ya kukikalia. Jioni nikitoka kazini nilikuwa naingia humo na kufunga mlango, na mke wangu alidhani natengeneza kitu. Mheshimiwa, nilikuwa nimekaa tu. Mtu mzima anahitaji mahali pa kukaa tu.

Mwanzoni mwa mwaka huu mke wangu akasema mama yake hawezi tena kuishi peke yake, magoti yanamsumbua na kwake kuna ngazi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni dereva wa lori, tulipomwomba amchukue yeye, alicheka kwenye simu mpaka simu ikakatika. Basi mke wangu akasimama kwenye dirisha la jikoni, akaliangalia banda langu bila kupepesa macho, nami nikajua nimekwisha.

Sikukataa. Sina wazimu wa kumkataa mama mkwe mbele ya binti yake. Nilisema tu, kwa sauti ya mtu anayeheshimu sheria, kwamba si vizuri kumlaza mzazi kwenye jengo lisilo na kibali, kwa hiyo tupeleke maombi halafu tungoje. Nataka uelewe nilivyolitamka hilo neno tungoje. Jirani yangu mwoka mikate aliomba kibali cha choo mke wake akiwa mjamzito. Mtoto huyo sasa ana ndevu. Mtaa mzima tunaijua ofisi yenu na tumepanga maisha yetu kwa kuitegemea. Nilikuwa na imani nanyi, Mheshimiwa.

Mlikuja wiki iliyofuata. Asubuhi, na futi ya kupimia mkononi.

Kwa heshima zote, basi, malalamiko yangu ni haya:

1. Dirisha. Ulisema chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha linalofunguka, kubwa kiasi cha mtu kutokea moto ukiwaka. Fundi mwashi akalitoboa upande wa mpapai. Sasa upepo unaingia humo, na jua la asubuhi pia, vitu ambavyo nyumba kubwa haijaviona tangu jirani ajenge ukuta wake. Paka alihama siku hiyo hiyo. Hata kuaga hakuaga.

2. Sakafu. Ulibonyeza udongo kwa kisigino ukasema unyevu utamuumiza mama magoti, kwa hiyo itandikwe nailoni, imwagwe zege, isakafiwe vizuri. Ikasakafiwa mpaka inang'aa. Mabinti zangu wanakwenda kulala kifudifudi juu yake kufanya kazi za shule, tena kwa hiari yao, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Sakafu ya nyumba kubwa niliimwaga mwenyewe nikiwa kijana mwenye haraka, na ina kilima katikati ya sebule. Chungwa likidondoka mezani linaelekea bafuni lenyewe. Miaka yote hakuna aliyesema kitu. Siku hizi wanaizungumzia wakati wa kula, nami nimekaa pale pale!

3. Dari. Ulipima kutoka chini hadi kwenye bati, ukatikisa kichwa, ukaagiza paa liinuliwe na pamba nene iwekwe kati ya bati na dari ili pasiwe na joto. Matokeo yake, mvua ikinyesha huku nyumba kubwa tunazungumza kwa ishara, na kule uani wanaisikia kwa mbali na kusinzia. Usiku mmoja wa mvua mke wangu alimpelekea mama yake blanketi akasema anarudi sasa hivi. Mpaka leo anarudi kubadili nguo tu.

4. Umeme. Hili limenichoma, maana ni mambo ya kazi yangu. Waya wangu, niliouvuta mwenyewe kutoka dirisha la jikoni, uliuita kitanzi, tena mbele ya mama mkwe. Ukaagiza aitwe fundi umeme mwenye leseni. Akaja, akazungusha macho kwenye kazi yangu, akapiga mluzi. Taa aliyoiweka haitikisiki. Za kwangu zinakonyeza wageni, na sasa wageni wameanza kuuliza kwa nini.

5. Mama mkwe mwenyewe. Najua huyu hayumo kwenye sheria zenu za majengo, lakini ninyi ndio mliompitisha. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na shuka akilitandika yeye unaogopa kulikalia. Nilijiandaa kwa mama mkwe kama wale tunaosimuliwa dukani: atanichunguza, atanihesabia matonge, atamwonea huruma binti yake kwa sauti ya juu. Nilikuwa na majibu tayari, mengine makali. Sijapata nafasi ya kuyatumia hata moja, na huo kwangu ni uharibifu wa mali.

Badala yake, jioni moja aliniita akaniuliza redio iliyosahaulika pale rafuni inaumwa nini. Nikamwambia ni kapasita. Akauliza kapasita ni mdudu gani. Mheshimiwa, katika ndoa yangu yote hakuna mtu ndani ya nyumba hii aliyewahi kuniuliza swali la pili kuhusu redio. Nilikaa chini kumweleza mpaka chakula kikaletwa huko huko. Tangu siku hiyo ananitaka nizitengeneze zote, moja moja, ati asikie kila moja ina sauti gani. Hiyo ni kazi bila malipo, nami nailalamikia rasmi.

Tena ananiita mwanangu. Alianza na mkwe wangu, kama inavyostahili, halafu siku moja akateleza akasema mwanangu, na hajarudi nyuma. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyeniita hivyo. Kila akiniita inanibidi niiname nijifanye natafuta bisibisi. Jamani, mtu hawezi kuishi namna hiyo.

6. Shemeji. Huyu huyu aliyecheka kwenye simu alikuja kumsalimia mama yake, akashinda kutwa nzima. Alikuwa akigonga kuta kwa vidole, akimpigia simu fundi mwashi kumuuliza mchanga kiasi gani kwa saruji kiasi gani, akapanda hata kwenye kiti changu cha miguu mitatu kupiga picha dari, akaanguka. Umbea mtupu. Naomba ofisi yenu ipige marufuku watu kupiga picha dari za wenzao.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, nimekisoma kibali chako mara kwa mara na nimegundua kosa. Kinasema banda ni nyongeza ya nyumba kubwa inayokaliwa na familia. Nyumba kubwa haikaliwi na familia. Inakaliwa na mimi. Familia iko uani inakunywa chai. Kwa hiyo kibali ni batili na banda nirudishiwe, pamoja na udongo wake.

Ukishindwa hilo, basi naomba uje na ile ile futi yako uikague nyumba kubwa. Haitapita: dirisha linatazama ukuta, sakafu ina kilima, dari haina pamba, na waya unaujua. Itangaze kuwa haifai binadamu, na uiandikishe kama banda. Hapo nitakuwa nimepata banda langu, tena lenye sebule, na kiti changu kitaingia bila shida.

Ila kwa kuwa sheria hairuhusu mtu kulala kwenye jengo lililokataliwa, ofisi yako itawajibika kunitafutia pa kulala palipopitishwa. Palipo karibu zaidi ni uani. Nimeshapima: chini ya dirisha, upande wa mpapai, kitanda kimoja kinaenea.

Nisalimie karani wa koti la kijani, mlinzi wa getini aliyeniazima kalamu ambayo bado ninayo, na wote wa nyumbani kwako, wanaokaa ndani na wanaokaa uani.

Wako mtiifu, ninayengoja jibu kwa hamu,
Fundi Redio
Nyumba Kubwa (upande usio na watu)

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, shemeji ameingia na lori tupu. Kumbe zile picha hazikuwa umbea. Amejenga banda kwake, ameliwekea madirisha matatu na pamba nene kuliko yetu, na anasema sasa ni zamu yake kukaa na mama. Mama ameanza kukunja mashuka. Ameniuliza kama anaweza kwenda na redio moja, nikamwambia zote zimeharibika tena. Mheshimiwa, zote zinaimba.

Halafu akasimama mbele yangu akaniuliza, mwanangu, wewe unasemaje. Hapo ndipo pa kusema mama, kaa. Neno fupi tu, nami nikainama kutafuta bisibisi. Nikasema si vizuri kumlaza mzazi kwenye jengo lisilo na kibali. Shemeji hana kibali. Mama akacheka, akaliweka shuka chini, akasema basi tungoje.

Kwa hiyo barua hii ichane. Banda ni zuri, kibali ni halali, sina lalamiko hata moja duniani. Jumatatu shemeji ataleta maombi yake hapo ghorofa ya pili. Utamjua, ana kovu jipya la kuanguka kwenye kiti. Nakuomba faili lake mkabidhi karani wa koti la kijani, alitunze kama alivyolitunza la mwoka mikate. Na wewe, Mheshimiwa, tafadhali, safari hii usije na futi wiki inayofuata.