Namba Kumi kwenye Orodha

Jumatatu, 30 Machi 2020. Asubuhi mvua kubwa, kisha jua la kinafiki.

Paa limevuja tena juu ya kitanda cha Mama. Tumekisogeza mara ya tatu mwezi huu. Imebaki kona moja tu, na kona hiyo ni ya kuku. Nimemwapia: mwani wangu ukivunwa bamvua ijayo, maji yakitoka mbali, tarehe nane, tunanunua bati. Mama kasema bati hilo analisikia tangu mwaka juzi.

Saa nne mkutano, ofisi ya kijiji. Mtendaji wetu, Bwana Luqmani, katuweka mbali mbali kwa sababu ya korona, halafu akalalamika kwamba hatumsikii. Halmashauri inaleta msaada hapa kisiwani Juani: ndoo ya bomba, sabuni na barakoa mbili kwa kila mlengwa. Walengwa kumi tu, wazee na wenye maradhi ya kudumu. Orodha iandikwe na mtu makini. Akanitazama mimi! Mimi ni katibu wa kikundi cha mwani, nina kidato cha nne, na kalamu zangu zote zina vifuniko.

Nimefurahi kupita kiasi. Naandika hili ili nijionye.

Jumanne, 31 Machi. Manyunyu.

Orodha imeanza vizuri. Mistari kwa rula. Wazee wanane, Mama akiwa wa tatu. Wa tisa ana sukari. Wa kumi alipaswa kuwa Mwatima, jirani yangu. Ana pumu, kisiwa kizima kinajua. Husikika kabla hajaonekana.

Lakini Mwatima huyu ndiye aliyenishinda uenyekiti wa kikundi. Ndiye aliyesema mbele ya wanawake wote kwamba hati yangu nzuri ila kamba zangu za mwani zimelegea.

Nikaandika jina langu: Namba 10, Arafa. Pumu.

Nimejitetea hivi: Mwatima ana ndoo tatu nyumbani. Na mimi niliwahi kukohoa wiki nzima mwaka 2014.

Alhamisi, 2 Aprili. Asubuhi shwari. Mchana balaa.

Bwana afya kavuka na msaada kwa boti kutoka Utende. Sikujua kwamba wagonjwa watapimwa! Nikajaribu kuhema kama Mwatima, na ile filimbi yake ya kifuani. Filimbi haikutoka. Nikaongeza kikohozi ili kuisaidia.

Kikohozi! Mwezi huu!

Bwana afya karudi nyuma hatua nne, akakanyaga kuku. Kauliza kama nimekutana na wasafiri. Ili kuukuza ugonjwa nikasema ndiyo, juzi nilikuwa Kilindoni, katikati ya abiria wa Dar. (Sijafika Kilindoni tangu Maulidi, mfungo sita.)

Uamuzi: nikae ndani peke yangu siku kumi na nne. Mama ni mzee, ahamishwe. Mwatima akajitolea papo hapo kumchukua. Mama alipopita na mto wake kwapani, kaninong'oneza kwamba kifua changu ni kizima kuliko cha ng'ombe. Nikamjibu kwa kikohozi, maana bwana afya alikuwa anatazama.

Jioni nimehesabu siku. Tarehe nane imo ndani. Nimehesabu tena kwa vidole. Imo.

Jumapili, 5 Aprili. Jua kali tangu alfajiri.

Nimenawa mikono mara kumi na tisa. Sina kazi nyingine.

Chakula huletwa na mgambo Marijani, kikapu kikiwa kimening'inizwa kwenye ncha ya upondo wa kusukumia mtumbwi, kama anayelisha papa. Mpishi ni Mwatima. Leo wali wa nazi na samaki changu. Nimekula kwa hasira. Kitamu.

Nimemwandikia Mtendaji barua kwamba nimepona. Kaja hadi kwenye mnazi wa mbele ya nyumba, akapaza sauti mtaa wote usikie: pumu haiponi, Katibu, umeandika mwenyewe kwamba ni maradhi ya kudumu, tena kwa hati nzuri sana.

Jumatano, 8 Aprili. Mawingu. Bamvua.

Ikipita bamvua hii, maji ya masika yataukata mwani wote na bati litaondoka nao. Kwa hiyo nimevaa buibui kuukuu la Mama na barakoa, nikashika bakora. Nikainama mgongo. Nikatoka.

Marijani akanisimamisha njiani. "Shikamoo bibi." Nikamwitikia marahaba, sauti ya kutetemeka, nzuri mno. Akaniuliza hali ya binti yangu mgonjwa. Nilipaswa kusema hajambo na kupita. Nikasema ni binti mwema sana, kisiwa hiki hakijui thamani yake.

Sauti ya Mama ikatoka barazani kwa Mwatima: "Marijani! Kama huyo ni mimi, mimi niliye huku ni nani?"

Wanawake wa kikundi walikuwa wanapita kwenda pwani. Wengine walikaa chini mchangani kwa kucheka. Nimerudishwa nyumbani, upondo ukinifuata mgongoni.

Maji yametoka, yamerudi. Kamba zangu hazikuguswa.

Ijumaa, 10 Aprili. Mvua ya upepo. Bamvua inamalizika.

Nimechungulia dirishani. Wanawake sita walikuwa kwenye kamba zangu. Mwatima mbele, maji magotini, mvua ikimpiga. Nilimjua kwa jinsi anavyosimama kila baada ya hatua chache, mkono kifuani.

Wameleta magunia, wameumwaga mwani kwenye chanja yangu ya kuanikia, wameufunika turubai. Mwatima akasimama mbali, akasema kwa vipande vipande: kamba zako, Katibu, kweli zimelegea. Akacheka, na filimbi ikamtoka kifuani. Ile ile niliyoshindwa kuiiga.

Chakula cha leo nimempa kuku.

Jumamosi, 11 Aprili. Anga safi. Sistahili.

Mwatima alibanwa na pumu usiku. Bwana afya kavuka asubuhi na dawa ya kuvuta. Baraza la Mwatima haliko mbali. Nilisimama nyuma ya mlango wangu na nikasikia yote. Kauliza mbona mtu huyu hayumo kwenye orodha. Mtendaji kasema orodha aliiandika Katibu, na Katibu hakosei.

Nilishika komeo. Naandika ukweli: nilitaka kutoka, na sikutoka.

Mwatima akasema, akitafuta pumzi kati ya maneno, kwamba ni yeye aliyemwambia Katibu asimwandike.

Hakuniambia. Hajapata kuniambia.

Alhamisi, 16 Aprili. Manyunyu, kisha jua.

Nimeachiwa. Mtendaji kanisimamisha mbele ya ofisi, kaniita mfano wa kuigwa katika kutii maelekezo, tukiacha lile la buibui. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaenda kwa Mwatima na ndoo ya msaada kichwani, sabuni na barakoa ndani yake. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema, mistari kwa rula. Yote yakanitoka. Nikasema tu kwamba nafasi ile ilikuwa yake.

Kasema anajua. Mama yangu alimweleza siku ile ile, hata kabla ya kuweka mto wake chini. Nikamuuliza kwa nini basi aliuvuna mwani wangu. Kanitazama kama anayemtazama mtoto wa chekechea. Kasema paa linamvujia Mama, na Mama hakumkoholea mtu.

Akapokea ndoo. Akaniambia bamvua ijayo nitamvunia kamba zake zote, na nijifunze kukaza fundo. Nimelia njia nzima kurudi, na njia yenyewe ni hatua thelathini.

Jumapili, 19 Aprili. Asubuhi ukungu mwepesi.

Mnunuzi kachukua mwani. Bati linakuja na boti ya Jumanne. Mama amerudi, kasema ataamini siku atakayoisikia mvua bila kuihisi.

Jioni Mtendaji kaja na habari za awamu ya pili: mablanketi na vitakasa mikono. Walengwa watano. Kaleta karatasi kwangu, eti nimeshazoea.

Mwatima nimemweka namba moja, kwa wino mwekundu. Wazee watatu wanafuata. Orodha safi, ya haki kabisa. Nimeisoma mara mbili na kujivunia.

Imebaki nafasi ya tano.

Nimewaza kuhusu presha. Presha haina kikohozi. Haina filimbi. Mtu anaweza kuwa nayo kimya kimya, bila kumsumbua jirani. Nimejiandika kwa penseli tu. Nimefuta. Nimeandika tena, mkono mwepesi. Kisha nikakumbuka kwamba bwana afya ana mashine ya kuipimia. Basi, vikombe sita vya kahawa chungu, ya kupandisha presha, kabla boti yake haijatia nanga.

Nalala sasa, saa tano na nusu.