Bidoni Iliyokwenda Kasai

Jumatatu, 3 Mei 1993

Nimerudi jana kutoka Bukama. Safari nzuri kuliko zote za maisha yangu, ingawa ni moja tu. Shemeji Kalombo, kaka wa mke wangu, anafanya kazi kwenye reli. Alinipandisha bure. Nikakaa dirishani, nikaona daraja la Lualaba, mafunjo mpaka macho yanachoka, na kiboko mmoja. Au jiwe. Nimeamua ni kiboko.

Asubuhi hii Henriette amenikuta kwenye kiti, nimeegemeza shavu kwenye dirisha la jikoni. Amesema: «Treni ilisha kufika, tata Kisimba. Shuka.» Halafu amenipa bidoni, dumu letu la maji.

Tangu kiwanda kilale, mabomba ya nyumbani yamekauka. Mtaa mzima tunachota mahali pamoja. Sheria yetu hapa Musonoi ni nzuri: bidoni ndiyo inayosimama mstarini, si mtu. Unaiweka, unakwenda zako, walio nyuma wanaisogeza. Hata ukienda kuzika, zamu yako haipotei. Nimeweka ile yetu ya njano, nimekaa ukutani, nimerudi Bukama polepole, kituo kwa kituo. Nilipozinduka bidoni ilikuwa chini ya bomba na watu wote walikuwa wananitazama. Stany, wa nyumba ya pembeni, amesema wapenda matembezi wangebaki huko huko. Wivu. Yeye hajapita Tenke.

Jumanne, 4 Mei 1993

Jembe. Henriette amenituma kwenye muhogo nyuma ya nyumba. Udongo mgumu, mawazo laini.

Kabeya alikuwa upande wa pili wa ua. Ni jirani yangu tangu tuoe. Tulifanya kazi karakana moja, tukarudishwa nyumbani siku moja. Nimemsimulia daraja lote, toka nguzo ya kwanza. Hakucheka hata nilipofika kwenye kiboko. Mwishowe amesema vijana wamepita kwake wakigonga mlango kwa fimbo. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, kama yeye, waondoke, warudi kwao. Anakwenda stesheni na watoto na mama yake.

Nimeuliza watapita wapi. Lubudi, Bukama, Kamina, halafu mbele mpaka Mwene-Ditu. Mbele ya Bukama! Nakiri moyo uliniuma kidogo. Kabeya kazaliwa hapa hapa Musonoi, Kasai hajaiona hata siku moja. Kila kitu kitakuwa kipya machoni pake. Nimemshauri akae upande wa kushoto.

Amesema: «Kisimba, mi siende kutembea. Banatufukuza.»

Nimemjibu kwamba najua. Nimemwambia pia kwamba kushoto ni bora. Jembe limelala pale pale, Henriette ameliona.

Alhamisi, 6 Mei 1993

Nilitakiwa kwenda kununua makala, mkaa wa kupikia. Badala yake nimemsindikiza Kabeya stesheni. Mama Ngeleka, mama yake, miguu imevimba, hawezi kutembea. Tulimkalisha nyuma ya baiskeli, mimi nikisukuma, Kabeya akimshikilia. Alikuwa mwepesi. Barabarani nilimwonyesha mama reli inapopinda. Alisema ameiona tangu ni msichana, alikuja nayo.

Stesheni imejaa. Watu wanalala chini ya plastiki, na masufuria yao, na milango waliyong'oa kwenye nyumba zao. Wengine wamesubiri treni wiki nyingi. Kuna watoto wanakohoa. Sikupenda kuangalia, nikaangalia nyaya za umeme juu ya reli, zinavyokwenda zikakutana mbali. Nyaya zile zingemtuliza mtu yeyote.

Kabeya ameniomba jambo moja. Treni ikija watu watasukumana. Mama akipata pa kukaa, atafika. Akisimama mpaka Kasai, hatafika. Basi, kwa kuwa shemeji yangu ni wa reli, niingie mapema, nimshikie mama nafasi. Nimeapa. Nani anajua treni kuliko mimi?

Henriette ameuliza makala. Nimemwambia kuna mambo makubwa.

Jumamosi, 8 Mei 1993

Treni imekuja. Shemeji Kalombo alinifungulia behewa kabla ya watu. Nikachagua vizuri: dirisha, upande wa kushoto, ubao ambao haujavunjika. Nilikuwa na bidoni ya njano, nimetoka nayo nyumbani nikijifanya nakwenda kuchota. Wazo likanijia lenyewe. Nikaiweka kwenye ubao, katikati kabisa, mdomo ukielekea dirisha. Nafasi imeshikwa.

Nikashuka kwenda kumwita Kabeya. Njiani nikapita kichwa cha treni. Walikuwa wanakifunga kwenye mabehewa. Kile chuma kinapoingia kwenye chuma kingine, ule mlio, mtu anausikia tumboni. Nikasimama kidogo. Nikajiona niko Lubudi, mashamba ya mahindi yanapita, jua la asubuhi kwenye mkono wangu.

Kuzinduka, mabehewa yanatembea.

Nilimkuta Kabeya amembeba mama mgongoni, amesimama mahali nilipomwambia anisubiri. Hakuwa amesogea hata hatua. Aliniuliza nafasi iko wapi. Nilimwonyesha treni.

Akamshusha mama taratibu, akampangia nguo chini ya miguu. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Nilijisikia vibaya, vibaya kabisa, mpaka nyumbani.

Jumapili, 9 Mei 1993

Henriette hasemi nami. Anasema na sufuria. Leo nimechota maji kwa sufuria, safari nyingi, nusu yanamwagika. Stany ameuliza bidoni yetu iko wapi. Nimesema imesafiri.

Baada ya misa nimehesabu vituo kwa vidole. Saa hizi iko Kamina. Nina hakika hakuna mtu aliyeigusa. Watu wa Kasai wamechota maji nasi miaka yote, sheria ya bidoni wanaijua. Imekaa dirishani, kushoto, imeona daraja. Labda na kiboko. Nilitabasamu peke yangu, Henriette akaniona. Kosa.

Jioni amechukua bukari, ugali wetu, samaki wakavu niliowaleta toka Bukama na blanketi yetu nzuri, ameondoka bila kuniambia. Kumbe alikwenda stesheni kwa mama Ngeleka. Mama anapumua kwa shida.

Alhamisi, 13 Mei 1993

Treni nyingine. Safari hii Henriette hakunipa kazi yoyote. Aliingia mwenyewe kwa msaada wa kaka yake Kalombo, akakaa kwenye ubao, akaweka mikono miwili kiunoni. Watu walimsukuma, wakamwita majina, akakaa tu. Hakuinuka mpaka Kabeya alipofika na mama mgongoni, watoto nyuma yake, akamweka mahali pale pale penye joto lake. Kitambaa chake cha kichwa kilibaki humo ndani, sijui kwa nani.

Upande wa kulia. Hakuna dirisha. Nilimwomba mama Ngeleka msamaha kwa hilo. Alinishika kidole, akasema: «Nilisha kuona, mutoto wangu. Nilionaka byote wakati wa kuja.»

Kabeya alinipa bidoni yake, ya bluu, mfuniko umefungwa kwa kamba. Alisema abakize mikono ya kumshika mama. Nilimwambia, akifika Mwene-Ditu, aangalie kama kuna ya njano. Akacheka. Mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Bukama! Halafu akalia, nami nikalia, na treni ikamchukua tukiwa bado katikati ya kilio.

Nilitembea mpaka nyumbani na bidoni ya Kabeya begani. Sikuota chochote njiani.

Jumatatu, 17 Mei 1993

Kalombo ameleta habari: mama alifika Kamina akiwa hai, amekaa, amelala. Zaidi hajui, wao walibadilishana zamu hapo.

Stany amehamia nyumba ya Kabeya. Ameng'oa ua kati yetu ili nisizunguke nikienda kwake, anasema.

Asubuhi nimekwenda kwenye bomba na bidoni ya bluu, na sufuria yetu. Nimeweka sufuria mstarini. Nyuma yake nimeweka bidoni. Stany ameuliza hiyo ni ya nani. Ya Kabeya, nimesema. Amekwenda kutembea kidogo, mbele ya Bukama, mimi namshikia nafasi tu. Stany amecheka, ameitupa pembeni kwa mguu. Nimeirudisha. Ameitupa tena. Mama mmoja wa nyuma, simjui hata jina, ameiokota, ameipangusa vumbi kwa kitenge, ameiweka mstarini. Baada ya hapo watu wameisogeza, mmoja baada ya mwingine, kama sheria inavyotaka.

Ilipofika chini ya bomba sikuijaza. Maji ni ya mwenyewe. Nimeibeba mpaka mwisho wa mstari, nimeiweka upya, nimekaa ukutani kuitazama inavyosogea. Lubudi. Bukama. Kamina. Imekwenda hivyo mpaka mchana. Kesho nitaanza mapema zaidi, maana Kabeya akirudi hatapenda kukuta zamu yake imepita.

Henriette ameuliza maji yako wapi. Sufuria! Nimeisahau kwenye bomba.