Mkwe Wangu Analizunguka Jua

Ndugu Watengenezaji wa Mchezo wa Kurusha Roketi,

YAH: KUOMBA KUSHUSHIWA BABA MKWE

Ng'wadila. Sisi wa Bariadi huanza kwa salamu hata kwa aliyetukosea. Mimi ni Rodgers Luhende, fundi redio hapa mjini, na naandika kuwapongeza kwa kazi nzuri ya kuivunja ndoa yangu.

Mchezo wenu wa kompyuta ulinitaka nimpe jina rubani wa kwenda Mwezini. Nikaandika Mzee Ndaki, jina la baba mkwe wangu wa Kimali, maana mkwe ni mtu wa heshima, na heshima gani inaupita Mwezi? Sasa Mzee Ndaki yuko angani bila mafuta, analizunguka jua, na mke wangu Milembe amerudi kwao mpaka baba yake ashushwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Somo lenu la kwanza linasema roketi ikishapaa ilazwe ubavu, kisha nilenge mahali ambapo Mwezi haujafika. Asanteni. Mimi nikienda Maswa nalenga Maswa, na haijapata kutokea Maswa ikahama nikiwa njiani. Nikaelekeza pua kwenye Mwezi wenyewe, nikafungulia moto wote. Tukaupita. Mzee alikuwa anatabasamu kwenye kile kidirisha cha pembeni, na hilo ndilo linaloniuma.

2. Breki hamkuweka. Hata mkokoteni wa ng'ombe una namna ya kusimama.

3. Nilirusha roketi ya pili kumfuata. Mkaniandikia kwamba ili kumkamata aliye mbele, huna budi kupunguza mwendo. Busara hiyo nimeijaribu kwa Milembe: nimetulia nyumbani nikingoja kumfikia. Bado yuko Kimali.

4. Kikao cha ukoo kimenitoza ng'ombe kwa kosa la kumtupa mzee porini. Nilipojitetea kwamba ile ni picha tu, shangazi Nyanjige akataka kujua kama na jina nalo ni picha. Jamani, nyumba imepoa, na ugali wa mtu mmoja haupandi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mjenge kituo cha mafuta karibu na jua. Gharama ikiwazidi, lisogezeni jua lenyewe. Mkishindwa na hilo, njooni Kimali mumpigie magoti mama mkwe.

Wasalimieni wazazi wenu, na yeyote hapo ofisini aliyewahi kuoa.

Wenu kwa shida,
Rodgers Luhende

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Mzee Ndaki mwenyewe ameingia, Milembe nyuma yake na kuku mkononi. Mzee alitaka kujiona kwenye kompyuta. Amejitazama kwa muda mrefu, kisha akatamka kwamba kule kumetulia, hakuna vikao wala wajomba wa kuazima majembe, na atakayemshusha watakosana. Basi msiguse chochote, hasa jua, ameshalizoea. Ila mama mkwe amepiga simu: mumewe hawezi kukaa huko peke yake, naye apelekwe. Milembe amekubali kubaki, kwa sharti kwamba roketi ya mama yake airushe yeye.