Farasi Asiyekata Kushoto

"Hivi Ezron, mnyama akiteguka mgongo, huwa anakandwa na nani?"

Aliyeuliza ni Jonasi fundi viatu, jirani yake Ezron pale Tunduma, uzi ukiwa bado mdomoni. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza mvua itanyesha lini. Lakini swali likimwangukia Ezron ni kama punje kumwangukia kuku: haliozi chini.

"Mnyama gani huyo?"

"Farasi wa Mzee Boazi. Hakati kushoto."

Ilikuwa kweli. Mzee Boazi, mfanyabiashara wa mahindi, alinunua farasi ng'ambo, Zambia, ili Jumapili ya sikukuu ya mavuno apeleke sadaka yake akiwa juu, waumini wainue macho. Wenzake hupeleka kuku na huenda kwa miguu, na Mungu huwaona vilevile. Farasi alikuwa mpole, mwekundu, mzuri wa sura, ila kona zake zote zilikuwa za kulia. Na kanisa liko kushoto mwa geti. Basi mzee alikata kulia, tena kulia, tena kulia, na Tunduma ukizidisha kulia unakutana na nchi ya watu. Mara mbili alijikuta Nakonde, upande wa Zambia, amevaa suti, hana hati ya kusafiria, anawasalimia askari kutoka juu. Walimrudisha kinyumenyume.

Ezron alikuwa amewahi kufagia banda la farasi kwenye shamba moja huko Zambia. Siku moja akamwona mtaalamu akiwakanda farasi mgongo, pingili kwa pingili, na farasi aliyekakamaa kwa tandiko baya akalegea, akashusha shingo, akatembea vizuri. Alimsikia pia akionya kwamba kukanda hakuungi mfupa, hakuchomoi mwiba, wala hakumshibishi mwenye njaa. Maneno hayo ya mwisho Ezron aliyaacha hukohuko bandani. Mzigo ukizidi mpakani hulipiwa ushuru.

Kesho yake akaingia uani kwa Mzee Boazi na koti jeupe lililowahi kuwa la muuza nyama. Kwapani, ndani ya koti, alikuwa na chupa tupu ya maji, ya plastiki.

"Shikamoo mzee. Mimi ni dokta wa uti wa mgongo wa wanyama."

"Marahaba. Umesomea wapi?"

"Zambia, mukwai," akajibu kwa adabu ya kule.

Akaweka viganja mgongoni mwa farasi, akavuta pumzi, akabana kwapa. KRAAK! Wapakiaji wa mahindi wakaruka nyuma.

"Mmesikia?" alisema Ezron. "Pingili ya nne hiyo, inarudi nyumbani."

Kisha akampapasa shingo, akafika kwenye hatamu, na hapo vidole vyake vikakutana na ukweli. Mkanda wa shavu la kushoto ulikuwa umekatika, na Mzee Boazi, mtu asiyependa kumpa fundi hata salamu, alikuwa ameufunga mwenyewe kwa waya wa uzio. Ncha ya waya ilitazama ndani. Kila farasi alipotaka kugeuka kushoto, ilimchoma. Koleo na dakika moja, ugonjwa umekwisha.

Ezron akaufunika waya kwa manyoya, taratibu, kama mama anavyomfunika mtoto. Ng'ambo kulikuwa na mwenye shamba anayetafuta farasi mwekundu, na bei yake ingemtosha Ezron kununua bajaji. Kilichotakiwa ni farasi asipone mpaka Ijumaa.

"Mzee, hali ni mbaya. Nitamkanda siku sita, bure. Akipona, sidai kitu. Asipopona, ndiyo basi, ataanguka kabla ya Krismasi. Nitamchukua mwenyewe kwa bei ya ngozi, nikuondolee balaa. Maana farasi akifia hapa, nyama yake nani atakula? Na kaburi lake utachimba wapi, kwenye maghala?"

Mzee Boazi alisikia neno "bure" na mengine hakuyasikia vizuri.

Aliyeyasikia ni dada yake, Tukuswiga, mjane aliyeshuka kutoka kijijini Mbebe kwa ajili ya mavuno. Alikuwa kivulini akipukuchua maharage. Akachukua kitabu chake cha nyimbo, akayaandika mapatano kwenye jalada la nyuma, neno kwa neno, akamwambia Ezron aweke sahihi.

"Ya nini tena, mama?"

"Maneno yana miguu, mwanangu. Nayafunga."

"Sawa. Ila kichwa msimguse! Mishipa yote iko huko. Akiguswa tu, anapooza."

Siku sita Ezron alikanda. Alikanda kwelikweli, maana watu walikuwa wakitazama, jasho likamtoka la halali labda kwa mara ya kwanza maishani. KRAAK asubuhi, KRAAK jioni. Farasi alipenda mno. Alimwegemea Ezron, akafumba macho, akatafuna kola ya koti. Mgongo wake ukalainika. Na Ezron, akijua anamnenepesha wake, akauza redio yake akanunua pumba.

"Dokta," aliuliza Tukuswiga siku ya tano, "mbona shavu hulikandi?"

"Taaluma, mama."

"Haya." Akaendelea na maharage.

Ijumaa, siku ya sita, uani palijaa. Farasi akavutwa kushoto, akagoma. Ezron akainamisha kichwa kama yuko msibani, akatoa pesa ya ngozi. Mzee Boazi akanyoosha mkono.

"Ngoja kaka," Tukuswiga akainuka. "Kwetu mnyama anauzwa, kamba haiuzwi. Ukiuza kamba umeuza na zizi."

"Mama, usimguse!" Ezron aliruka. "Atapooza!"

"Akipooza si wako? Bei ya ngozi ni ileile."

Akaivua hatamu. Farasi akatikisa kichwa, akakuna shavu kwenye nguzo, akatoka getini, akageuka kushoto, akasimama kando ya barabara akila majani ya watu.

"Amepona!" wapakiaji wakapiga kelele. "Dokta kaponya! Dokta huyo!" Wakamnyanyua juu.

"Hajapona!" Ezron alilia akiwa hewani. "Nishusheni! Ulikuwa waya! Kukanda hakutoi waya, jamani! Kunalegeza mgongo tu!"

"Mnyenyekevu huyo!" mtu akasema.

"Mnyenyekevu nini? Tazameni!" Akavuta chupa kutoka kwapani, akaibana mbele yao. KRAAK. "Pingili yenu ya nne hii hapa! Sikumtibu! Hajapona kwa mkono wangu, kwa hiyo ni wangu!"

Wapakiaji wakamshusha, chupa ikamponyoka. Katika maisha yake Ezron hakuwahi kusema kweli nyingi namna ile kwa mkupuo, na alionekana kuchoka.

Tukuswiga akafungua kitabu cha nyimbo, akageuza jalada.

"Imeandikwa, 'Nitamkanda siku sita. Akipona, sidai kitu.' Kama umemtibu, amepona, hudai. Kama hukumtibu, na waya uliujua, mapatano umeyavunja mwenyewe, na hudai vilevile. Chagua moja, dokta."

Ezron akarudisha pesa ya ngozi mfukoni.

"Ila mgongo umeukanda vizuri," Tukuswiga akaongeza, na hakuwa akidhihaki. "Hilo Mungu ameliona. Na wewe kaka, Jumapili utakwenda kwa miguu, farasi abebe gunia. Shavu lake lina kidonda, na waya uliufunga wewe."

Mzee Boazi akavitazama viatu vyake.

Ezron akaokota chupa, akalikung'uta koti lake lisilo na kola tena, akafika getini. Kushoto alisimama farasi, amemtambua, tayari amegeuza mgongo apate kukandwa. Ezron akakata kulia.