Maji ya Mtungi Hayachemki

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Mwalimu mkuu anataka sare sitini. Atakuja Alhamisi kuchagua fundi: mimi, au huyu mwenzangu tunayegawana chumba, ninayemwita Maji ya Mtungi kwa jinsi alivyo baridi. Mama huyo mwalimu hatazami ufundi tu. Anataka mtu wa subira, maana fundi wa mwisho alimfokea hadi miwani ikamdondoka. Basi kazi nyepesi. Namchokoza Maji ya Mtungi siku mbili, ya tatu analipuka mbele ya mama, sare zangu.

Jumanne, 4 Machi
Utafiti kwanza. Nilimuuliza mke wangu ni kitu gani humpandisha mtu hasira kabisa. Akasema ni kuulizwa jambo mara mbili. Sikusikia vizuri, nikauliza tena. Nimejifunza mengi. Mama mkwe, ambaye hakuulizwa, akaanza kusema kuwa yeye kinachomuudhi ni mtu kumkatiza maneno. Nikamwambia asante mama, inatosha. Hakumaliza chai yake.
Kazini nilipiga mluzi mstari mmoja wa wimbo, huo huo, toka asubuhi hadi adhuhuri. Maji ya Mtungi akadakia sauti ya pili. Wapita njia wakasimama kusikiliza. Lazima nikiri, tulipendeza.

Jumatano, 5 Machi
Silaha nzito. Mtukane fundi, atakusamehe. Kata karatasi kwa mkasi wake wa kitambaa, uutie butu, mmemalizana! Nilichukua mkasi wake nikakatakata gazeti zima, macho yangu yakimtazama. Akanipa pole. Eti kumbe mkasi wangu umeharibika na sijasema? Akaniambia niutumie wake hadi wangu upone. Gazeti lilikuwa langu. Ukurasa wa michezo sikuwa nimeusoma.

Alhamisi, 6 Machi
Siku yenyewe. Maji ya Mtungi alipotoka kuchota maji ya pasi, nilifuta alama za chaki kwenye kitambaa cha bluu alichotandika mezani, nikachora nyingine, vidole vinne ndani. Akikata tu, kimeharibika! Mwalimu mkuu akaingia, akaketi. Maji ya Mtungi akarudi, akakata. Akapima. Akanigeukia kwa huruma. Akasema, “Ndugu yangu, suruali ya mteja wako itambana. Niliona kazi imekuelemea, nikataka kukukatia.”
Suruali ya muuza nyama! Mtu wa tumbo lile! Kitambaa changu!
Nilifoka. Nilipiga meza, vifungo vikatapakaa chumba kizima. Mwalimu mkuu akanisihi nitulie. Nikamwambia atulie yeye.
Sare zimekwenda kwa Maji ya Mtungi.

Jumamosi, 8 Machi
Moyo mweupe. Maji ya Mtungi amenigawia sare thelathini, anadai peke yake hataziweza. Suruali ya muuza nyama pia ameiokoa, kaongeza vipande ubavuni, na mwenyewe kafurahi kwamba sasa anapumua. Tunashona, tunacheka, mke wangu katuletea chai na hata mama mkwe kanisalimia. Sina la kulalamika. Ni wazi jamaa ananiogopa, ndiyo maana kagawa.
Mchana mwalimu mkuu alipita. Dada yake ana hoteli na anatafuta fundi mmoja, mpole, wa kushona mapazia. Anakuja Jumanne.
Nimeshaazima bata wawili wa kumfungia Maji ya Mtungi chini ya meza.