Gunia la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Meneja wa maabara ametangaza: Jumatano, atakayepasha makaa ya mawe yakatoa gesi safi ndiye msimamizi mpya wa tanuri. Tuko wawili. Mimi, miaka kumi na moja kazini. Na shemeji, kaka wa mke wangu, mwaka wa pili tu na tayari anaitwa Mtaalamu. Mtaalamu wa nini? Wivu ninao, sikatai.

Tumegawiwa magunia. Langu ni la makaa ya kunata: yakipata moto hulainika, huvimba kama unga uliotiwa hamira, kisha hugandamana. Lake ni la makaa mapole: hutoa unyevu, moshi na lami kidogo, hubaki chenga kavu, ukiyapitishia mvuke gesi inatoka bila ugomvi. Bahati ya mtende! Mke wangu kasema kaka yake angeyaweza hata ya kunata. Nimelala bila kula.

Jumanne, 4 Machi
Mchana, wenzangu wakila, nimeingia stoo. Magunia yanafanana, makaa yote meusi. Nimebadilisha vibao vya majina haraka haraka, bila hata kufungua kamba. Kazi safi!

Jioni shemeji kaniambia nisiwe na wasiwasi, kesho mambo yatakuwa shwari. Ananidhihaki!

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Joto lilipofika nyuzi mia nne, tanuri langu likakoroma, likanyamaza. Limeziba. Gesi hakuna. Kwa shemeji, moto wa buluu umesimama wima. Meneja kampa mkono. Mimi kanipa tindo na nyundo.

Nikiwa nimeingia tanurini hadi kiunoni, nachonga, shemeji akaja kunipa pole. Akanong'ona kwamba haelewi. Jana asubuhi alibadilisha vibao ili mimi nipate makaa mapole. Ya kunata angebaki nayo yeye, ayapashe kwanza polepole hewani, yapunguze kunata. Eti hakutaka mume wa dada yake aaibike mbele za watu.

Nani alimtuma? Kugusa gunia la mtu bila ruhusa! Watu wengine hawana adabu kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Mheshimiwa Msimamizi kaja na mabakuli mawili yenye vifuniko, kapika mke wangu. Kasema la karibu yangu ndilo langu. Kisha akaenda kunawa.

Nimeyabadilisha upesi.

Nimefunua. Mchuzi mtupu! Nyama zote ziko kwake, anatafuna na kumsifu dada yake: kama la kaka limejaa hivi, la mume je! Mjanja sana huyu. Alijua nitabadilisha.