Ombi la Kuondolewa kwa Mzoa Takataka Mwaminifu

Kolwezi, Jumapili, tarehe 9 Februari 1975

Citoyen Mkuu wa Kambi,

Kwa heshima yote na kwa mikono miwili, mimi raia mwenzako, citoyen Ngeleka, karani wa ghala la vipuri, mkaaji wa mstari wa saba, nyumba ya kumi na nne, nakuletea shauri ambalo ofisi yako huenda haijawahi kulipokea. Naomba umwondoe mzoa takataka wetu, Tata Mbayo, umpeleke kambi nyingine, na ikiwezekana iwe mbali, hata ng'ambo ya bwawa la Nzilo. Kosa lake ni uaminifu.

Utakumbuka kwamba mwaka jana ni mimi niliyeandika barua ya kumlalamikia yule wa kwanza, Tata Kalala, aliyekuwa anapita siku akiota kupita. Mapipa yalijaa, nzi wakanenepa, na mbwa wa kambi nzima wakawa wanafanyia mikutano yao mlangoni kwangu. Ulitusikiliza, ukatuletea Mbayo. Anakuja kila Jumanne saa kumi na mbili asubuhi na pusupusu lake la gurudumu moja, anagonga pipa mara mbili kwa fimbo, anazoa mpaka chini. Kwa hilo tunashukuru. Lakini mtu huyu hazoi tu, Citoyen. Anarudisha.

1. Alianza na kijiko. Kijiko cha alumini kilichopinda shingo, ambacho nilikuwa nimekichoka tangu ujana wangu. Alikichimbua kwenye majivu ya makaa, akakiosha, akabisha hodi. Mke wangu Bilonda (zamani Simone, lakini sheria ya kuacha majina ya kizungu tunaijua) akamshukuru sana, akampa na kikombe cha chai. Hapo ndipo ubaya ulipoanza, maana mtu akishapewa chai kwa jambo, ataliendeleza.

2. Mwezi wa Novemba, kwa utii, nilitupa tai yangu ya zamani. Siku hizi citoyen wa kweli anavaa koti la abacost, lisilo na tai, na shingo yake iko huru. Niliizika chini ya maganda ya muhogo. Mbayo akaifua, akainyoosha, akaileta Jumamosi katikati ya Salongo, ile kazi ya umma ya lazima, wakati mstari mzima tulikuwa na majembe mkononi tukisafisha mitaro, na katibu wa chama amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Alisema ilikuwa imeanguka. Ikabidi nitangaze mbele ya watu kwamba ile ni kamba ya kufungia mbuzi. Mimi sina mbuzi. Tangu siku hiyo katibu ananiuliza kila wiki mbuzi anaendeleaje.

3. Kuhusu chupa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa barua hii itapita mikononi mwa wengi. Ijumaa moja nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Chupa mbili tupu za bia, zilizofungwa ndani ya gazeti na kuwekwa chini kabisa ya pipa, hazikuwa na uhusiano wowote na kwaya. Mbayo alizileta zimeoshwa zinang'aa, akaziweka mezani, akamkumbusha Bilonda kwamba dukani wanazipokea. Bilonda alizitazama, akanitazama mimi, akaniomba nimwimbie sauti ya pili ya ule wimbo tuliofanyia mazoezi.

4. Sasa nafika penye maumivu. Mama mkwe wangu, Mama Ngalula, aliandika kutoka Mwene-Ditu kwamba mtoto wake wa mwisho, Badibanga, anakuja kwa treni kutafuta kazi, tumpokee stesheni, akae kwetu mpaka aipate. Barua ilifikia kazini kwangu. Nyumba yetu ina vyumba viwili na watu tisa. Niliisoma mara mbili, nikaipasua vipande vinne, nikaitupa chini ya magamba ya samaki, nikajiambia kwamba barua hupotea njiani kila siku. Mbayo aliikausha juani, akaibandika kwa bukari, ugali wetu wa huku, akampa Bilonda mkononi. Wakati huo Badibanga alikuwa na siku mbili pale stesheni, amekaa juu ya sanduku lake, na jogoo wa kunipa mimi shemeji yake amemshika chini ya kwapa, akimwambia kila apitaye kwamba niko njiani.

Bilonda hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alisema tu: "Ngeleka, mutoto ya mama yangu si buchafu."

Siku kumi na tisa zimepita. Bukari inafika mezani, sombe ya majani ya muhogo inafika, maneno hayafiki. Jana alifunga nguo zake ndani ya kitenge, na nasikia anataka kwenda kwa dada yake Mbelu, kule Kisenge. Badibanga naye ananiamkia vizuri kila asubuhi, jambo ambalo linazidi kunimaliza. Citoyen, kuna umri ambao mtu hawezi tena kuizoea nyumba isiyo na sauti ya mke wake. Naogopa.

5. Wakubwa mtasema kosa ni langu. Sikatai kwamba mkono uliopasua ni huu ninaoandikia. Lakini tuifuate hoja mpaka mwisho wake. Kilichoko mezani ni cha nyumba nzima, kilichoko moyoni ni cha Mungu, na pipa peke yake ndilo lililobaki la mtu na makosa yake. Mbayo amelisoma pipa la kila nyumba. Anajua nani anajisifu kwamba anakula nyama huku anatupa miiba ya dagaa. Anasoma barua za watu mpaka zilizopasuliwa, kisha anachagua nani apewe. Mtu wa namna hiyo si mzoa takataka, ni ofisi nzima inayotembea. Hata mabaki ya shaba yanayomwagwa Kingamyambo, sijasikia mtu akiyarudisha mlangoni kwa kampuni ya migodi na kudai kwamba yalianguka.

6. Kwa hiyo naomba rasmi mstari wa saba upewe mwizi. Mwizi anachukua na hageuki nyuma. Kama hapatikani mwizi kwenye orodha za ofisi, jambo ambalo litanishangaza, basi tutampokea tena Tata Kalala pamoja na nzi wake.

Nikifunga, namsalimu mama wa nyumbani kwako, watoto wote kwa majina yao mapya, karani wako anayepiga mashine kwa vidole viwili, na hata Mbayo mwenyewe, ikiwa atakuwa hapo akimwaga kapu la ofisi yako.

Ni mimi mkaaji wako mtulivu, asiyebaki na la kuficha,

Ngeleka

P.S. Leo ni Jumanne. Citoyen, hayo ya juu niliyaandika kwa hasira. Jumatatu hasira ilipoa, nikakumbuka kwamba Mbayo naye ana watoto, nikaipasua barua vipande sita, nikaitupa. Leo saa kumi jioni, nimetoka kazini, nikasikia hodi. Ni Mbayo, na barua hii imebandikwa yote, ameishika kichwa chini miguu juu. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu huyu hajui kusoma hata herufi moja. Karatasi yoyote yenye maandishi anaiheshimu. Mbele ya Bilonda akasema: "Tata, iko na maandiko mingi. Muntu hawezi kuteseka kuandika hivi, halafu anaitupa. Ilianguka."

Niliona aibu mpaka miguuni. Bilonda aliichukua, akaisoma yote tangu kijiko hadi mwizi. Penye mbuzi alikaa kizingitini, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Alipofika pale niliposema naogopa, aliniambia nikae, chai inapoa. Ni maneno yake ya kwanza kwangu kwa siku ishirini na moja.

Amenikataza kuiandika upya. Anasema uipokee hivi hivi na bukari yake, ila niongeze kwamba ombi la mwizi limefutwa, kwamba Mbayo abaki, na kwamba apewe glavu na pusupusu la magurudumu mawili, kwa sababu hili la gurudumu moja linammaliza kiuno. Badibanga atamfundisha kusoma kila jioni, hapa hapa kwetu. Nimeunga mkono upesi sana. Mtu akijua kusoma, atajua kipi hakikuanguka.

Ukimaliza kuisoma barua hii, nakusihi uichome moto. Usiitupe kapuni.